Bustani ya Uhuru na Watu wa Nakuru

Tangu tarehe 1 Desemba 2021, siku ambayo Rais Uhuru Kenyatta aliukabidhi mji wa Nakuru hati ya kuwa jiji, jiji la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, wenyeji wa kaunti hii wamekuwa na sababu njema ya kujiuliza ni sura gani wanayotaka mji wao uwe nayo. Na miongoni mwa mambo yanayostahili kuulizwa kwa makini, sioni lililo muhimu kupita hali ya bustani za umma, yaani vile viwanja vichache vyenye miti na nyasi, kama Nyayo Gardens iliyo katikati ya mji, ambamo mtu asiye na ofisi wala fedha ya kuagiza chai hotelini aweza kukaa kivulini bila kuulizwa amefuata nini. Sisi wa Kabazi, tulio katika eneo la bunge la Subukia na ambao hushuka Nakuru kwa ajili ya hospitali, mahakama, benki na soko, twaijua thamani ya mahali hapo pengine kuliko wakaao mjini, kwa maana mwenye nyumba mjini hurudi kwake adhuhuri, lakini aliyetoka mbali hana budi kungoja.

Bustani kongwe lazima itengenezwe. Ukuta huanguka, mifereji huziba, miti iliyopandwa na watu wa zamani huzeeka ikawa hatari kwa wapitao chini yake, na choo kisicho na maji humfukuza mwanamke na mtoto upesi kuliko askari yeyote. Kwa hiyo sina neno dhidi ya matengenezo. Neno langu ni kwamba bustani ya zamani ina amana mbili zisizotengana, nazo ni ardhi yenyewe pamoja na miti na kumbukumbu zake, na haki ya watu waliozoea kuitumia. Na mtengenezaji aokoaye ile ya kwanza huku akiipoteza ya pili ameacha uwanja mzuri mahali palipokuwa na bustani. Ithibati ya neno hilo imo katika historia ya Uhuru Park ya Nairobi, ambayo ijapokuwa iko mbali nasi kwa kilomita mia na hamsini na ushei, iliokolewa kwa sehemu kubwa na watu ambao maisha yao yalipitia katika mashamba na vijiji vya Nakuru.

Ili tuelewe mambo hayo, yatupasa tuanze na zama ambazo mtu wa huku hakuruhusiwa kukaa popote kwa hiari yake. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899, na Nakuru mwaka 1900, na nyuma ya reli wakaja walowezi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikawaruhusu kushika mashamba kwa mikataba ya miaka 999, na nchi hii ya kati ya Bonde la Ufa, kuanzia Njoro hata Solai na Subukia, ikahesabiwa kuwa nyanda za juu za Wazungu, ambamo Mwafrika aliweza kulima, kukama na kuchunga kwa ajili ya mwingine, ila kumiliki hakuweza. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaongezwa taklifu ya kipande, ile karatasi ya alama za vidole na majina ya waajiri ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuibeba shingoni ndani ya kijaluba cha chuma, nayo haikuondolewa mpaka mwaka 1947. Mtu aliyeachishwa kazi na kuonekana mjini bila sababu iliyoandikwa alikuwa mkosaji kwa kule kuonekana tu. Katika utawala wa namna hiyo bustani ya mji, hata isipokuwa na kibao cha kumkataza mtu kwa rangi yake, ilikuwa imekwisha kumkataza tangu kituo cha reli.

Hata hivyo, mbegu ya bustani ya wote ilipandwa mapema, na aliyeipanda hakuwa mtawala. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi mwaka 1856, ambaye alitajirika kwa kuihudumia reli na baadaye akawa Mwasia wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alitoa kiwanja cha ekari 5 katikati ya Nairobi kiwe bustani ya wakazi wa mji, na mwaka 1906 sanamu ya Malkia Victoria ikazinduliwa humo na Duke wa Connaught. Sanamu ilikuwa ni staha kwa dola ya wakati ule; lakini hidaya yenyewe, ile ardhi, ilikaribia kuwa wakfu kwa maana yake halisi, kwani ilitolewa na mtu mmoja kwa ajili ya wasiojulikana, na wala haikuwekewa bei ya kuingia. Miaka themanini na mitano baadaye, mwaka 1991, ulipotokea mpango wa kuifukua bustani hiyo na kujenga mahali pa kuegeshea magari, mjukuu wake, Bi Zarina Patel, aliwakusanya wananchi wakapinga, na mpango ukaachwa. Mpaka leo Jeevanjee Gardens ni baraza la wahubiri wa mchana, la wabishi wa siasa, na la watafuta kazi wanaopumzisha miguu yao, jambo ambalo lisingewezekana kama ekari zile zingalifuata mkondo wa ardhi nyingine za katikati ya mji.

Sasa turudi Nakuru. Mwaka 1943, msichana mdogo aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, tarehe 1 Aprili 1940, alihamishwa na wazazi wake kuja katika shamba la Mzungu mmoja, Neylan, karibu na mji huu, ambako baba yake alikuwa dereva na fundi wa magari. Msichana huyo alikuwa Wangari, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Profesa Wangari Maathai. Aliishi katika shamba hilo hadi mwaka 1947, mama yake alipomrudisha Ihithe, ambako ndugu zake walikuwa wakisoma, kwa kuwa shambani hapakuwa na shule ya watoto wa vibarua. Sitaki kudai kwamba mtoto wa miaka mitatu au saba hufikiri habari za bustani za miji. Lakini nadhani ni halali kusema kwamba alikulia mahali ambapo ardhi njema ilienea mbele ya macho ya baba yake na haikuwa yake hata hatua moja, na kwamba watoto wote wa mashamba ya walowezi, kuanzia Njoro mpaka huku kwetu, walijifunza somo hilo kabla ya kujifunza kusoma.

Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969, katika ardhi ya hekta 12.9 iliyo kati ya kitovu cha mji na kilima cha magharibi, ikitenganishwa na Central Park kwa barabara ya Kenyatta Avenue. Humo mlikuwa na ziwa dogo lenye mashua za kukodi, miteremko ya nyasi, na jukwaa la hadhara za kitaifa. Jina lake lilikuwa ahadi, na kwa miaka ishirini watu waliitimiza ahadi hiyo kwa mwendo wao wa kila siku bila kuandika waraka wowote: Jumapili na sikukuu familia zilitoka mitaa ya mashariki ya Nairobi zikiwa zimevaa nguo zao bora, watoto wakapanda mashua, mpiga picha akawapanga mbele ya maua, na picha ile ikapelekwa kijijini kwa bibi, huko Murang'a, huko Machakos, hata huku Subukia, iwe ushahidi kwamba wajukuu wamefika mjini na wana afya. Ni picha ngapi za namna hiyo zilizotundikwa katika kuta za nyumba za Kenya, hakuna awezaye kuhesabu. Wala sijui kumbukumbu nyingine ya taifa iliyotunzwa na watu wengi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Katika mwaka 1989 zilifika habari kwamba bustani hiyo ingejengwa jumba la ghorofa 60, refu kuliko majumba yote ya Afrika ya wakati ule, ambalo lingekuwa makao ya chama kilichotawala, KANU, na ya gazeti lake la Kenya Times, pamoja na maduka, kumbi, maegesho ya magari, na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Mshirika katika mpango alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza, na gharama yake ilitajwa kuwa dola milioni 200 za Marekani, ambazo sehemu yake kubwa ilikuwa ya kukopwa. Zama zile kupinga jambo la namna hiyo kulihesabiwa kuwa karibu na uhaini. Na wengi wenye elimu na vyeo, ambao faraghani waliuona ubaya wake, walinyamaza.

Profesa Wangari hakunyamaza. Alikuwa ameanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akiwafundisha wanawake wa vijijini kuotesha miche ya miti, na sasa akashika kalamu. Aliandika kwa gazeti lenyewe, kwa ofisi ya Rais, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na kwa balozi wa Uingereza, Sir John Johnson, akimuuliza kama watu wa London wangekubali jumba la namna ile lisimamishwe ndani ya Hyde Park yao. Swali lilikuwa la adabu, nalo lilipenya, kwa sababu liliiweka bustani ya Nairobi na bustani ya London katika mizani moja, na kumlazimisha msikilizaji aseme waziwazi kama mtu wa Nairobi anastahili kivuli kidogo kuliko mtu wa London. Tarehe 8 Novemba bungeni, wabunge waliacha shughuli zao wakamshutumu na kumkejeli kwa kuwa alikuwa ameachika. Na Green Belt Movement ikaamriwa kuihama kwa haraka ofisi ya serikali waliyokuwa wakiitumia.

Aliiendea Mahakama Kuu akiomba ujenzi uzuiliwe, na mwezi wa Desemba ombi lake likatupwa, kwa hoja kwamba yeye binafsi hakuwa na haki ya kisheria ya kuleta dai hilo. Hapa naomba msomaji atue kidogo, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha historia hii. Mahakama haikusema kwamba jumba ni jema au baya kwa bustani. Ilisema kwamba mwananchi aliyeizoea bustani, aliyepita humo, aliyewapeleka watoto wake humo, si mtu mwenye jambo ndani yake. Kwamba kuzoea kwake na kupita kwake, na picha zote zile zilizotundikwa vijijini, havikuumba haki yoyote ambayo sheria iliweza kuiona. Siku iliyofuata, tarehe 12 Desemba, katika sherehe ya Jamhuri iliyofanyika humo humo Uhuru Park, Rais alinasihi kwamba mwanamke wa desturi ya Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Lakini barua zilikuwa zimekwisha kufika zilikotumwa. Wenye fedha wa nje wakaanza kuona haya na kuhofu hasara. Na mapema mwaka 1990 jumba la ghorofa 60 likaachwa.

Watu wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, kana kwamba bustani iliokolewa na barua za mtu mmoja ikastarehe. Mimi naona kwamba mwaka 1992 ndio uliokamilisha kazi. Tarehe 28 Februari ya mwaka huo, kundi la akina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa lilikwenda kwa Mkuu wa Sheria kuomba waachiliwe, kisha, wakiwa pamoja na Profesa Wangari, wakaingia Uhuru Park wakakaa pembe moja ya bustani, wakafunga kula, wakasema hawatatoka mpaka wana wao watoke. Miongoni mwao alikuwa Mama Monica Wangu, mwanamke wa Nakuru, mama yake Koigi wa Wamwere, aliyekuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini tangu 1979 kabla ya kufungwa, aliyekamatwa tena mwaka 1990 kwa shtaka la uhaini, na ambaye baadaye, kuanzia 2002 hadi 2007, alikuwa mbunge wetu wa Subukia. Ndiyo maana nimesema kwamba bustani ile si ya Nairobi peke yake. Mama wa kijiji cha Nakuru, asiyekuwa na jumba wala ofisi wala gazeti mjini, alipotaka kuitolea serikali malalamiko yake hadharani, mahali pekee palipokuwa pake kama palivyokuwa pa mtu mwingine yeyote palikuwa pale penye nyasi.

Walikaa siku kadhaa, na watu wakaja wakasimulia mbele yao habari za mateso waliyoyapata vizuizini, mambo ambayo hayakuwahi kusemwa mchana kweupe. Tarehe 3 Machi askari wakawavamia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Profesa Wangari akapigwa hata akazirai. Na baadhi ya wale mama wazee, walipoona hawana silaha nyingine, wakavua nguo zao mbele ya vijana wale waliotumwa kuwapiga, kitendo ambacho katika mila zetu ni laana nzito kwa anayekisababisha. Bustani ikafungwa kwa ulinzi wa askari. Akina mama wakahamia katika kanisa la All Saints lililo jirani, wakaendelea kukesha humo kwa karibu mwaka mzima, hata mapema mwaka 1993 wafungwa wale, isipokuwa mmoja, wakawa wameachiliwa. Pembe waliyoikalia imeitwa tangu hapo Freedom Corner.

Tangu siku hizo hapana aliyeweza kuihesabu Uhuru Park kuwa kiwanja kitupu kinachongoja kujengwa. Humo, tarehe 30 Desemba 2002, Mwai Kibaki aliapishwa mbele ya umati ambao Kenya ilikuwa haijapata kuuona; humo, tarehe 27 Agosti 2010, ikatangazwa Katiba mpya; humo, mwezi wa Oktoba 2011, taifa likamuaga Profesa Wangari mwenyewe, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004; na humo, tarehe 12 Septemba 2015, ukazinduliwa mnara wa wahanga wa mateso ya zama za Mau Mau, uliogharamiwa na serikali ya Uingereza baada ya suluhu ya mwaka 2013, ukiwa na sanamu ya mwanamke anayempelekea mpiganaji wa msituni chakula. Na ile Katiba iliyotangazwa juu ya nyasi zile inasema, katika ibara yake ya 70, kwamba mtu anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi halazimiki kuthibitisha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Yaani mlango uliofungwa mbele ya Wangari Maathai mwaka 1989 ulifunguliwa kwa kila Mkenya miaka ishirini na mmoja baadaye, katika bustani ile ile aliyokuwa akiitetea. Sijui kama walioandika ibara hiyo walimkumbuka, lakini mimi siwezi kuisoma bila kumkumbuka.

Ulinzi huo ulijaribiwa mwaka 2019, ilipojulikana kwamba barabara ya juu iliyokusudiwa kupita Nairobi ingechukua ukingo wa bustani. Green Belt Movement na wananchi wengine wakapaza sauti, na safari hii hawakutukanwa bungeni. Mchoro wa barabara ukabadilishwa, na barabara ikapita bila kuigusa bustani. Jambo hilo lilikwisha upesi, na upesi huo wenyewe ni matunda ya miaka ya nyuma.

Taabu mpya ilikuja kwa sura ya wema. Idara ya NMS, iliyoundwa mwaka 2020 chini ya Jenerali Mohamed Badi kusimamia huduma za Nairobi, ilianza mwaka 2021 kuzitengeneza upya Uhuru Park na Central Park, na hapana shaka kazi ilihitajika, kwa kuwa nyasi zilikuwa zimekwisha, ziwa limechakaa, na usiku watu waliogopa kupita. Zikachorwa njia mpya za kutembea, mahali pa watoto pa kuchezea, jukwaa, taa na uzio. Lakini bustani zote mbili zilifungwa, na kufungwa huko kukadumu kuliko walivyotarajia wengi. Na muda wote huo mpiga picha wa sikukuu, mwenye mashua, muuza njugu na mwenye farasi wa watoto walikuwa nje ya uzio, na hapana mahali pengine katikati ya mji palipotengwa kwa ajili yao. Watu wa kazi hizo hawamo katika daftari la mtu. Hawakukodi duka ili waarifiwe, hawakuajiriwa ili walipwe fidia, na kwa hiyo katika hesabu za matengenezo ni rahisi kabisa wasionekane, kama vile Wangari alivyokuwa haonekani mbele ya jaji.

Nasema haya bila kuwadharau wahandisi. Kosa ninaloliona ni la utaratibu, nalo hufanywa na miji mingi. Ingeliwezekana kutengeneza nusu na kuacha nusu wazi. Ingeliwezekana kuhesabu, kabla ya uzio kusimamishwa, ni nani anayeishi kwa kazi ya bustani na ni nani anayepumzika humo kwa kukosa pengine. Na ingeliwezekana kukubaliana tangu mwanzo kwamba uzio utakuwa na milango mingi iliyo wazi tangu alfajiri hata maghribi, kwa sababu uzio wa bustani ya umma huanza kwa kulinda maua na usipoangaliwa huishia kuchagua watu. Uhuru Park imefunguliwa tena, na tarehe 7 Julai 2024 vijana walijaa humo kwa tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya mwezi uliotangulia. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka 1992. Walijua kwa kurithi tu kwamba pale ndipo pa kwenda.

Dhuluma ya kufuta watu kwa jina la bustani si ya Afrika peke yake. Central Park ya New York, ambayo wachoraji wa bustani duniani kote huitolea mfano, ilitengenezwa mahali palipokuwa na kijiji cha Seneca Village, ambamo watu kama 225, wengi wao Wamarekani weusi wenye nyumba na makanisa yao, walikuwa wakiishi hata walipoondolewa mwaka 1857. Na zaidi ya karne moja ikapita kabla ya wenye mji kuanza kukitaja tena kijiji hicho na kuchimbua misingi yake. Bustani ile ni njema sana, lakini wema wake ulianza na deni.

Mfano ulio karibu nasi na wenye matumaini zaidi uko Unguja. Forodhani, bustani ya pwani ya Mji Mkongwe iliyotengenezwa katika miaka ya 1930 mbele ya Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe, ilikuwa imechakaa mwishoni mwa karne iliyopita: ukuta wa bahari umeliwa na mawimbi, maji ya mvua hayana pa kupita, taa hazitoshi. Lakini kila jioni, jua likishazama, wauzaji waliwasha makaa yao, na wakazi wa mitaa ya Ng'ambo na Mji Mkongwe, pamoja na wageni, wakala humo mishikaki, pweza, urojo na maji ya miwa, huku vijana wakishindana kujirusha baharini kutoka ukutani. Mji ule uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, na ingelikuwa rahisi kusema kwamba mahali penye adhama kama hiyo hapafai moshi wa mishikaki.

Hawakusema hivyo. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, kwa makubaliano na serikali ya Zanzibar, uliitengeneza bustani kuanzia 2008 na kuikabidhi tarehe 30 Julai 2009, ukiimarisha ukuta wa bahari, mifereji, taa na njia, ukipanda miti na kuweka mahali pa watoto. Na wauzaji wa chakula, waliohamishwa kwa muda wakati wa kazi, wakarudishwa katika sehemu iliyopangwa kwa ajili yao. Yaani moshi wa mishikaki ulihesabiwa kuwa ni sehemu ya urithi. Naliona jambo hilo kuwa la hekima kubwa, kwa maana mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe ukimuuliza Forodhani ni nini, hatakueleza habari za ukuta. Atakueleza alikula nini na alikuwa na nani. Nina hakika pia kwamba wauzaji wenye mahali palipo halali hupatunza, kwani anayeweza kufukuzwa kesho hana sababu ya kufagia leo.

Nakuru basi, katika ujiji wake mpya, ina mengi ya kuchagua. Katiba, katika Jedwali lake la Nne, imeziweka bustani na mahali pa burudani mikononi mwa serikali za kaunti, nazo si mali ya gavana wala ya madiwani wa mjini, kwa kuwa kaunti ni sisi sote, kuanzia Naivasha hata Kuresoi na Subukia. Nyayo Gardens na viwanja vingine vitatengenezwa siku moja, ama kwa fedha za kodi ama kwa mkopo, na ramani zitaletwa zikiwa zimekwisha kupendeza. Ombi langu kwa wenye mamlaka ni kwamba kabla ya ramani iwepo orodha: ya miti iliyopo na umri wake, ya wanaofanya kazi humo, wakiwamo wapiga picha, wasafisha viatu na wauza magazeti, na ya wanaoketi humo na sababu zao. Kazi na igawanywe vipande, ili sehemu moja ibaki wazi wakati nyingine imefungwa. Pasiwe na ada ya kuingia, hata iwe ndogo, kwa kuwa ada ndogo kwa mwenye mshahara ni nauli ya kurudi nyumbani kwa mgonjwa aliyetoka hospitali.

Na baraza la kusikiliza wananchi, ambalo sheria inalitaka, lisifanyike tu katika ukumbi wa hoteli mjini asubuhi ya siku ya kazi, mbele ya watu ambao wana bustani nyumbani kwao. Lije Bondeni na Kaptembwa, ambako nyumba ni za chumba kimoja na mtoto hana pa kuchezea. Lije na huku Kabazi, katika siku ya soko, kwa Kiswahili, ramani ikitandikwa mezani mahali ambapo mama aliyelaza mgonjwa wake Nakuru mwezi uliopita aweza kuweka kidole juu yake na kuonyesha ni mti gani aliongojea chini yake, na ni upande gani uliokosa maji.